Majina Thelathini na Manane ya Mwalimu Peris Mideva

Padre wetu, Ustadh Ishaq na ndugu Waislamu mliotoka Mumias na Matungu alfajiri, walimu, wanafunzi, majirani wa Shieywe, ukoo wa Ambani ambao leo ndio wenyeji wetu hapa Lurambi, na ninyi watu wa kwetu Khayega, mulembe. Mimi ni Lazarus Lihanda, ndugu mdogo wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu shemeji yangu Chrispinus aliniita siku ya pili ya matanga akaniambia kwa maneno machache, "Historia ya dada yako utaisoma wewe." Nilimwomba amtafute mtu mwingine, akakataa, nikaandika karatasi hizi mara tatu na kuzichana mara mbili.

Mwalimu Peris Mideva Ambani alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Julai 1946, karibu na soko la Khayega, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elam Lihanda na marehemu Mama Rasoa, katika familia ya watoto saba, ambao kuanzia juma lililopita tumebaki watatu. Mama alitusimulia kwamba Peris hakutambaa, alisimama siku moja akaenda, na tangu hapo hakuna aliyemwona ameketi mahali mpaka chai ikapoa.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1954, akiwa na umri wa miaka minane, umri wa kawaida kwa wasichana wa wakati ule, ambao kwanza walingojewa wamalize kulea wadogo zao, na mdogo aliyekuwa akilelewa nilikuwa mimi. Mwishoni mwa mwaka 1957 darasa lao la nne, lenye watoto arobaini na wawili, lilifanya mtihani wa kuingia shule ya kati, watoto kumi na mmoja wakapita, na wengine wakaambiwa warudi makwao, si kwa kuwa hawakujua kitu, bali kwa kuwa madawati ya darasa la tano yalikuwa machache. Peris alipita. Rafiki yake Khasandi, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, alikosa kwa alama mbili, na Januari iliyofuata alikuwa tayari anauza ndizi kando ya barabara, mahali ambapo Peris alilazimika kupita kila asubuhi akiwa amevaa sare. Peris akaanza kuzungukia njia ya mtoni ili asimwone, njia ndefu yenye matope, akawa anachelewa shuleni na kuadhibiwa, na baba alipomuuliza kisa cha kuiacha barabara nzuri alichukua ufagio akaanza kufagia ua. Sijui kama ni hapo ndipo mambo yake yote yalipoanzia, ila najua kwamba hata akiwa mtu mzima, akimtaja Khasandi, alikuwa akiinuka na kutafuta kitu cha kufanya.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1961, akasomea ualimu mwaka 1962 na 1963, na Januari 1964, kabla hajatimiza miaka kumi na minane, akasimama mbele ya darasa la kwanza la watoto sitini huko Ikolomani. Alipanda cheo mwaka 1971 na tena mwaka 1979 kwa kujisomea mwenyewe, vitabu vikiwa vimefunguliwa juu ya gunia la mahindi huku akipika.

Tarehe 20 Desemba 1969, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bwana Chrispinus Ambani, aliyekuwa karani katika idara ya ujenzi mjini Kakamega, wakapewa nyumba Shieywe, na Mungu akawajalia watoto wawili, Protus aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1971, na Navalayo aliyezaliwa tarehe 29 Septemba 1974, pamoja na mjukuu mmoja, Michelle, ambaye mnamwona amekaa hapo mbele. Shemeji Chrispinus ameniomba niseme kwamba katika miaka thelathini ya ndoa yao, kasoro siku kumi na mbili, waligombana kwa jambo moja tu, nalo ni kwamba mke wake hakujua kurudi nyumbani kwa njia iliyonyooka.

Sasa nafika kwenye kazi yake, na hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 4 Januari 1982 alihamishiwa Shule ya Msingi ya Kinu, hapa mjini, ambayo wakati huo ilikuwa shule ya watoto wa makarani, wauguzi na maafisa wa serikali, watoto waliofika darasani wameshiba na wakirudi nyumbani wanakuta gazeti mezani, na mwaka 1988 shule ilikuwa na wanafunzi mia sita na arobaini, ikapata wastani wa alama 412 kati ya mia saba, ikawa ya tatu katika manispaa. Peris aliteuliwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu mwezi Mei 1990. Miaka hiyohiyo shule za kulipia zilikuwa zinafunguliwa mjini, na watoto wa maafisa wakaanza kuondoka, kila Januari wachache, na nafasi zao zikajazwa na watoto wa wauza mboga na mitumba, watoto wa mabawabu, watoto wa familia za Mumias na Matungu zilizohamia mjini kufanya biashara, na mwaka 1992 wakaja watoto waliokimbia vurugu za upande wa Likuyani na mipakani, wakiwa wamepoteza karibu mwaka mzima wa masomo, nao wakapangwa madarasani kwa kimo chao, bila kuulizwa wanajua nini. Kufikia mwaka 1996 Kinu ilikuwa na wanafunzi elfu moja mia moja na kumi na wanane, wastani umeshuka hadi 338, na mjini watu wakasema shule imeharibika, walimu wamelala.

Neno hilo lilimnyima raha. Alichukua kitabu kikubwa cha jalada gumu, akaanza kuandika jina la kila mtoto, analala wapi, anaishi na nani, nyumbani wanaongea lugha gani, alijiunga na Kinu darasa la ngapi, mchana anakula au anakunywa maji tu, na mbele ya hayo yote alama zake za kila muhula, na kile ambacho mtoto hakuweza kumwambia alikwenda kukitafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, baada ya masomo, mpaka bawabu mmoja wa mtaa wa nyuma ya soko akaniuliza, "Huyu dada yako anakujanga kuhesabu watoto wetu kila mara, serikali inatuhamisha?" Kwangu alipita mara nyingi akiwa njiani, mke wangu akimpa chai, naye anainywa nusu akiwa amesimama mlangoni, anasema maneno ya shule, anaondoka.

Kitabu kile kilimwonyesha jambo ambalo sisi wengine hatukutaka kuliona. Mtoto aliyekuwa Kinu tangu darasa la kwanza, awe wa afisa au wa bawabu, alama zake hazikutofautiana sana na za mwenzake, na walioanguka walikuwa wale waliohamahama, wale waliofika darasa la sita bila kusoma vizuri, na wale walioshinda na njaa. Alikuwa akisema, "Shule haijaharibika, imebadilisha watu, na sisi bado tunawafundisha walioondoka." Aliomba saa moja ya ziada kila siku kwa wageni wa darasa la sita na la saba, akaambiwa subiri, na kusubiri ni kitu ambacho Mungu hakumpa.

Ijumaa, tarehe 21 Februari 1997, kamati ya shule ilikutana. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo tangu mwaka 1994, na mwanangu Mike alikuwa darasa la nane. Mwalimu mkuu wa wakati ule, ambaye amestaafu na yuko hapa pamoja nasi, alikuja kwangu jana jioni akaniambia nisome bila kumficha, nami namshukuru. Siku hiyo alituletea orodha ya watoto thelathini na wanane wa darasa la nane, ishirini na mmoja warudishwe darasa la saba, na kumi na saba wakaandikishwe kufanya mtihani katika shule ndogo ya kijijini ambayo wastani wake hauangaliwi na mtu, ili jina la Kinu lipande. Shule nyingi zilikuwa zikifanya hivyo, na hatukuona kwamba tunatenda dhambi.

Peris alisimama na kitabu chake, akaanza kusoma majina, la kwanza, la pili, la tatu, na kwa kila jina akisema mtoto ametoka wapi, alifika lini na amepanda alama ngapi tangu afike, na mwenyekiti alipomwambia muda umekwisha hakuinua macho, aliendelea mpaka la thelathini na nane. Lilikuwa la Swafia, binti wa Mama Zeituni anayeuza sambusa karibu na stendi, aliyetoka Matungu akiwa darasa la sita bila kujua kuandika sentensi ya Kiingereza. Kisha mwenyekiti akasema wanaokubali wainue mikono, na mikono ikainuka, na wangu ukiwemo. Dada yangu akanigeukia, akasema polepole ili niweze kuandika, "Katibu, weka kwenye kumbukumbu kwamba mimi nimekataa, na uweke sababu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika, "Wajumbe wote walikubali."

Niliandika hivyo kwa sababu nilitaka mwanangu atoke katika shule yenye jina, na kwa sababu nilimwonea aibu dada yangu anavyosimama peke yake mbele ya watu wazima, na kwa sababu mwenyekiti alininong'oneza kwamba isionekane tumegawanyika. Nikajiambia nitarekebisha baadaye.

Mwezi Machi mwalimu mkuu alikwenda kwenye semina ya majuma mawili, na muhuri wa shule ukabaki kwa naibu wake. Peris alijaza fomu za kufanyia mtihani Kinu kwa watoto wote thelathini na wanane kwa mkono wake, akazipeleka ofisi ya elimu ya manispaa, akarudishwa mara nne kwa sababu wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, akatembea kwa padre kutafuta kumbukumbu za ubatizo, akatembea kwa Ustadh Ishaq kutafuta barua za watoto wa Kiislamu, na Ijumaa, tarehe 14 Machi, siku ya mwisho kabisa, majina yote yakapokelewa. Jambo hilo lilipojulikana mwezi Aprili hakulikana. Wakubwa wakaomba kumbukumbu za kikao, wakazisoma, na Jumatatu, tarehe 9 Juni 1997, akapokea barua ya kuondolewa unaibu na kuhamishiwa shule moja huko Likuyani, akiwa mwalimu wa kawaida, kwa kosa la kuasi uamuzi "uliokubaliwa na wajumbe wote, naye akiwemo." Maneno hayo nilipoyaona niliyajua, kwa kuwa yalikuwa yangu.

Leo, mbele ya mwili wake na mbele yenu, nasema kwamba kumbukumbu zile ni za uongo, na aliyeziandika ni mimi. Mjumbe mmoja alikataa. Jina lake ni Peris Mideva Ambani, na sababu aliyoitoa ni kwamba mtoto akiondolewa kwenye orodha hatajifunza hesabu wala Kiingereza, atajifunza tu kwamba hapo si pake.

Niruhusuni niendelee, maana kazi yake haikuishia hapo.

Likuyani si karibu, lakini kila Jumamosi, kuanzia mwisho wa Juni hadi juma la mtihani mwezi Novemba, alishuka mjini akawafundisha watoto wale thelathini na wanane katika ukumbi wa madrasa ambao Ustadh Ishaq alimfungulia bila kumuuliza ni watoto wa dini gani, na saa saba mchana Mama Zeituni na wenzake walileta sufuria ya maharagwe na obusuma, ugali wetu, kwa sababu mwalimu aliwaambia mtoto hasomi kwa tumbo tupu. Mgomo wa walimu wa Oktoba ulipokuja aligoma pamoja na wenzake, ila Jumamosi akashuka kama kawaida, akisema mgomo ni wa Jumatatu hadi Ijumaa. Mwezi Agosti mwanangu Mike aliniambia anataka kwenda kwa shangazi yake siku za Jumamosi, kwa sababu huko ndiko kunakofundishwa. Nilimruhusu, nami nikabaki nyumbani.

Matokeo yalipotoka, wastani wa Kinu ulikuwa 331, umeshuka alama saba, na shule ikapoteza nafasi mbili katika manispaa, kwa hiyo waliokuwa na hofu hawakuwa wameota. Katika wale thelathini na wanane, watoto kumi na tisa walipata alama za kuitwa sekondari, na kumi na mmoja wakaweza kwenda, Swafia akiwa na 488. Mike wangu alipata 402, na saba kati ya watoto tuliotaka kuwaficha kijijini walimshinda. Wengine hawakufika popote kwa mtihani ule, wamekuwa mafundi na wachuuzi, na msichana mmoja aliolewa Januari iliyofuata. Peris alikwenda Matungu mara mbili kumwomba arudi darasani, mara ya pili nilifuatana naye, tukarudi bila msichana, na njia nzima hadi Kakamega alikunja na kukunjua kitambaa chake. Kwa huyo hakujisamehe. Mwezi huu alimtaja tena.

Huko Likuyani alianza kitabu kipya siku ya tatu baada ya kufika.

Ugonjwa wa kisukari ulitambuliwa Agosti 1998, alipoanguka akiwa ubaoni, na ingawa aliambiwa apunguze mwendo, nyayo zake zilikuwa na vidonda kabla ya mwaka kwisha. Mwaka huu figo zikaanza kuchoka. Alilazwa hospitali ya mkoa hapa Kakamega tarehe 11 Novemba 1999, na hata kitandani aliwauliza wauguzi watoto wao wanasoma wapi na wako darasa la ngapi, mpaka muuguzi mmoja akamwambia, "Mwalimu, hapa wewe ndiye wa kuulizwa maswali."

Jumatatu, tarehe 29 Novemba, tulibaki wawili chumbani, nikamweleza nilichofanya na kalamu ile, maneno niliyokuwa nimeyabeba kwa karibu miaka mitatu. Alinisikiliza akitazama dari.

"Nilijua," akasema. "Walinionyesha kumbukumbu siku waliponiita."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa na watoto thelathini na wanane wa kuhangaikia, Lazaro. Wewe ulikuwa mtu mzima."

Hakuniambia amenisamehe, nami sitaongeza neno hilo hapa ili karatasi ipendeze. Aliniambia niandike barua. Niliiandika tarehe 2 Desemba, ikieleza ukweli wote kwa ofisi ya elimu, nikampelekea aisome kabla ya kuituma, akaomba kalamu, akasahihisha neno "uwamuzi" nililokuwa nimekosea, akanirudishia. Niliipeleka siku hiyohiyo kwa mkono. Mpaka leo asubuhi hakuna jibu, na nitakwenda tena Jumatatu, na Jumatatu nyingine.

Mwalimu Peris Mideva alituacha Jumatano, tarehe 8 Desemba 1999, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mume wake, Protus na Navalayo wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa waliomhudumia kwa siku ishirini na saba, majirani wa Shieywe ambao hawajazima jiko tangu msiba uingie, walimu wa Kinu na wa Likuyani, padre na wanakwaya, Ustadh Ishaq na jamaa wa madrasa, na Mama Zeituni pamoja na kina mama wenzake ambao jana walipika kwa ajili ya umati huu na kukataa kusaidiwa. Tunamshukuru mwalimu mkuu wetu wa zamani kwa kuja. Tunawashukuru wanafunzi wa miaka yote, na wale waliofika leo kutoka katika lile kundi la Jumamosi, nimewahesabu, ni thelathini na mmoja, akiwemo yule dada wa Matungu aliyekuja na mtoto mgongoni.

Shemeji Chrispinus ameomba kwamba jeneza lisibebwe na ukoo wa Ambani wala na sisi wa Khayega. Litabebwa na hao wa kundi la Jumamosi, kwa kupokezana, kutoka hapa uani hadi kaburini. Sisi tuliokuwa wanakamati mwaka ule tutatembea nyuma yao.

Swafia, simama, chukua upande wa mbele. Na wewe dada yangu Peris, nenda ukapumzike.